Makaburi ya kale Bagamoyo: nisaidieni kusoma jiwe hili

Mtoto wa Dunda (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni.

Naleta jambo lililonikaa kifuani muda mrefu. Kwetu ni Bagamoyo mjini. Makaburi ya ukoo wetu yako nje kidogo ya mji, chini ya miembe, pamoja na ya majirani tuliozikana nao tangu enzi za mababu. Kaburi kongwe kuliko yote ni la babu yake babu yangu. Limejengwa kwa matumbawe na chokaa, ukingo wake unafika magotini, na upande wa kichwani kuna kibao kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu chokaa ikiwa bado mbichi. Nilipokuwa mdogo yalikuwa maandishi ya mistari minne. Bibi alikuwa akipitisha kidole juu yake taratibu na kutuambia, "Hapa dua. Hapa jina lake. Hapa mwaka wake."

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na khitma, ukoo mzima ukaja, na tukaona aibu namna makaburi yalivyokuwa: ukungu mweusi, magugu, kinyesi cha popo. Fedha nilitoa mimi. Vijana wawili wa kusafisha niliwatafuta mimi. Wakaja na brashi ya waya na ile tindikali ya kusafishia vyoo. Nilikuwa nimesimama palepale. Walipomwaga, povu jeupe likapanda na mlio wa kuchemka, nami nikafurahi, nikidhani uchafu unatoka. Kumbe chokaa na tindikali havikai pamoja, na lile povu lilikuwa kaburi lenyewe linaondoka. Tulipomwagia maji, mistari mitatu ya juu ilikuwa imekwenda. Wa chini ulibaki vipande kwa kuwa mwandishi aliukandamiza zaidi: neno *sanat*, yaani mwaka, na baada yake tarakimu tatu. Moja, tatu, sita.

136. Mwaka gani huo? Bibi alishatangulia mbele za haki, hakuna wa kumuuliza. Mwenye ujuzi anisaidie.

Ustadhi wa Magomeni

Pole sana mwanangu. Umefanya vizuri kusema wazi, maana wengi wanafanya hivyo hivyo kila mwaka kabla ya Ramadhani na hawajui wanachopoteza.

Kwanza, 136 kama ilivyo haiwezekani. Hiyo ni karne ya 8 ya Miladia, na kibao cha chokaa kilichokaa wazi kwenye mvua na upepo wa bahari hakiwezi kufika leo kikisomeka. Lakini kumbuka jambo moja: katika tarakimu za Kiarabu zinazotumika kwenye makaburi yetu, sifuri si duara. Ni nukta. Nukta ndogo tu, ncha ya kijiti imegusa chokaa basi. Hicho ndicho kitu cha kwanza kufutika. Duara kwenye maandishi hayo ni tano, si sifuri, na sita yake inafanana na saba yetu iliyogeuzwa, kwa hiyo hata hiyo sita uitazame tena.

Sasa nenda ukapime nafasi kati ya tarakimu. Kama nukta ilikuwa mwisho, ni 1360, yaani 1941. Kama ilikuwa kati ya tatu na sita, ni 1306. Hesabu ya haraka: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ongeza 622. 1306 inakupeleka mwishoni mwa 1888. Kwa tofauti hiyo ya miaka 53 utajua unazungumzia mtu gani.

Mja wa Mola

Assalamu alaykum. Samahani nikiingia tofauti. Mtume (s.a.w.) amekataza kuyapaka makaburi chokaa, kuyakalia na kuyajengea, Hadithi ya Jabir iko kwa Muslim. Sasa hizi shughuli za kuyahifadhi na kuyasoma, hatuoni tunakwenda kinyume? Kaburi la Muislamu linatosha kuwa na alama.

Ustadhi wa Magomeni

Wa alaykumu s-salaam ndugu yangu. Hadithi ni sahihi, na mimi mwenyewe nimeusia nisijengewe. Lakini mleta uzi hajengi. Kilichojengwa kimejengwa na wazee wetu zaidi ya miaka 100 iliyopita, na wao walikuwa wanazuoni pia. Anachouliza ni namna ya kutokibomoa. Hadithi hiyo hiyo inakataza kukalia kaburi, yaani maiti ana heshima yake. Kummwagia tindikali kichwani sidhani kama ni heshima.

Mtoto wa Dunda

Nashukuru sana Ustadhi. Sikuwa najua habari ya nukta. Nitakwenda.

Ndugu Mja wa Mola, nimekusikia na sina ubishi na Hadithi. Ngoja nieleze kwa nini jambo hili linanisumbua kuliko kaburi moja.

Tangu siku ile ya tindikali nimekuwa nikizunguka makaburi ya mji wetu kila nikipata nafasi. Anzia Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa mji. Pale kuna magofu ya misikiti 2, mkongwe ukiwa wa karne ya 13, na makaburi kadhaa yenye nguzo za mawe kichwani. Nguzo hizi ni za pwani yetu, utaziona kuanzia kusini mwa Somalia mpaka huku Tanzania. Ukiisogelea nguzo utaona vishimo vya duara, laini kwa ndani, ukubwa wa bakuli la uji. Nimeingiza mkono kimoja kimoja. Humo yalipachikwa mabakuli ya kauri ya kijani kutoka China, yaliyokuja kwa biashara ya bahari, yakawekwa juu ya wafu ili kila apitaye ajue waliolala pale ni watu wa aina gani. Mabakuli hayapo tena kwenye nguzo, vimebaki vishimo. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba pale mwaka 1958 na tangu hapo tunajua mengi kuhusu kuta na vyungu. Lakini makaburi mengi hayana jina hata moja. Mikoko ilipoifunga bandari, watu wakahama taratibu, na majina yakaondoka pamoja nao.

Halafu rudi mjini, nenda makaburi ya Wajerumani karibu na ufukwe. Takribani makaburi 20, yamezungushiwa ukuta, yamefagiwa, mengi ya vita vya 1889 na miaka michache iliyofuata. Kila mmoja ana jina lake na tarehe yake.

Na hatua chache kutoka hapo kuna mnara wa kumbukumbu mahali walipokuwa wakinyongwa watu wetu waliopinga utawala wao. Mnara unasema walinyongewa hapa. Hausemi ni akina nani. Siku ya kwanza niliyosimama pale baada ya kutoka kwa Wajerumani nilikaa chini kwenye mchanga. Mji mmoja, vita vimoja, ufukwe mmoja. Waliokuja kwa meli wana majina, waliozaliwa hapa hawana. Na mimi kwa mkono wangu nimepunguza jina moja zaidi.

Binti Tanga

Kaka, uzi umenigusa. Mimi ni wa Tongoni, kusini mwa Tanga. Kwetu kuna makaburi ya kale yapatayo 40 kando ya gofu la msikiti, mkusanyiko mkubwa ajabu wa makaburi ya nguzo, na nguzo nyingi zimeanguka. Nimekua nikichezea juu ya vipande vyake, hakuna aliyetuambia ni nini. Shuleni tulifundishwa kwamba Vasco da Gama alipita na meli yake São Rafael ikakwama kwenye miamba ya huku mwaka 1498, na mwaka uliofuata wakaichoma moto waliporudi kutoka India. Basi habari ya Tongoni darasani ikawa hiyo. Meli ya mgeni iliyoungua tuliijua kwa jina, waliolala nyuma ya nyumba zetu hatukuwajua hata mmoja.

Babu alikuwa akisema tusiokote hata kigae pale. Sasa naelewa kigae kilikuwa nini.

Mpagazi Mstaafu

Nina la kuongeza kuhusu majina, maana nimelisoma sana.

Wote mnajua habari ya maiti ya Livingstone. Alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Wenzake wa safari, akina Chuma na Susi, wakautoa moyo wakauzika chini ya mti wa mpundu, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miezi mpaka pwani. Februari 1874 ulifika Bagamoyo, ukalazwa kwa Mapadri wa Roho Mtakatifu, kisha Zanzibar, kisha Uingereza. Akazikwa Westminster Abbey mwezi Aprili. Jiwe lake kule limeandikwa kwamba aliletwa na mikono ya uaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Mikono ya uaminifu. Ya nani? Jiwe halisemi.

Lakini sikilizeni hili. Jacob Wainwright, aliyekuwa mmojawapo wa wapagazi hao, ndiye aliyechonga maandishi kwenye ule mti wa mpundu siku walipouzika moyo. Aliandika Livingstone na tarehe, kisha akachonga majina mengine matatu ya watu wa msafara: Yazuza, Mniasere, Vchopere. Yaani Mwafrika aliyeshika kisu, akiwa porini, na maiti ya bwana wake mbele yake, alikumbuka kuwaandika wenzake. Ule mti baadaye ulikatwa, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London.

Hayo ndiyo maandishi ya kaburi ninayoyapenda kuliko yote. Nikiyafikiria mpaka leo machozi yananilenga.

Na wapagazi wa kawaida, maelfu waliopita Bagamoyo na pembe begani kutoka Tabora na Ujiji? Waliokufa njiani waliachwa njiani. Mji ukawa na Caravan Serai, nyumba ya kufikia misafara, ukawa na utajiri wake, ila kaburi la mpagazi mwenye jina sijaliona.

Fundi Chokaa

Niko Pwani, nimefanya kazi ya kukarabati majengo ya kale miaka mingi. Naomba nizungumze kwa niliyoyashika kwa mikono yangu.

Tindikali mmeiona. Adui wa pili ni saruji, na huyu anakuja kwa sura ya msaada. Mtu anaona ukingo wa kaburi umepasuka, ananunua mfuko mmoja, anaziba, linang'aa, anashukuriwa. Matumbawe yanapumua jamani. Yananyonya unyevu kutoka chini na kuutoa kupitia chokaa. Ukishayafunga kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma, na jiwe linageuka unga huku saruji bado ngumu kama siku ya kwanza. Nimewahi kubandua saruji ya namna hiyo, ikatoka kama ganda la yai, ndani nikakuta mchanga mtupu. Mtu akaniuliza jiwe limekwenda wapi. Ndilo hilo nililoshika kiganjani.

Ufa uzibwe kwa chokaa, na chokaa yenyewe iwe imekaa. Wazee walikuwa wakipanga matumbawe juu ya magogo, wanachoma, wanazima kwa maji, kisha wanaiacha shimoni miezi kabla ya kuitumia. Ukikosa muda wa kusubiri, acha ufa ulivyo. Ufa haujamuua mtu.

Kusafisha: maji safi na brashi laini ya nywele, basi. Ukungu mweusi unaweza kubaki, hauna haraka. Mizizi ya mti usiing'oe, ikate usawa wa ukuta uiache ife, maana ukiivuta inakuja na jiwe.

Na kusoma maandishi yaliyofifia, msipake chaki wala unga wala mkaa. Nendeni alfajiri au jioni jua likiwa chini, litokee ubavuni. Kama kaburi liko kivulini, chukueni kioo cha kabati, mtu asimame juani aumulike mwanga ukipita juu ya kibao kwa mlalo. Herufi ambazo saa sita mchana huzioni zinajitokeza zenyewe, kila mchoro unatupa kivuli chake.

Mlinzi wa Kale

Naongezea upande wa sheria kwa kifupi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja kilichojengwa kabla ya 1863. Kaole na Tongoni zimo. Kaburi la baada ya hapo linahitaji tamko la waziri. Maana yake makaburi mengi ya koo zetu, yale ya wakati wa misafara na vita, hayana ulinzi huo wa moja kwa moja. Kwetu alikuja mwenye shamba jipya na tingatinga, kufika saa nne asubuhi makaburi sita yalikuwa yamesukumwa pembeni pamoja na visiki. Tulipolalamika tukaulizwa: mna karatasi gani inayoonyesha nani kalala pale? Hatukuwa nayo. Piga picha, andika majina, chora ramani hata kwa mkono, mpelekee mwenyekiti wa mtaa nakala.

Ustadhi wa Magomeni

Kwa wasiosoma Kiarabu, msikate tamaa. Maneno ya makaburini yanajirudia. Mara nyingi mtakuta *kullu nafsin dhaiqatul maut*, kila nafsi itaonja mauti, au *kullu man alayha fan*, kila aliye juu ya ardhi atatoweka. Mkishazijua aya hizi mbili kwa macho, mnajua jina litafutwe wapi. Kisha *bin*, mtu na baba yake. Mwaka huwa chini kabisa. Ndugu wa Kenya waliowahi kufika kwenye magofu ya mji wa kale wa Gedi wamewaona wageni wakipelekwa kwenye kaburi moja lililoandikwa 802. Hijria 802 ni 1399. Tarehe hiyo moja kwenye kaburi moja ndiyo iliyowapa wachimbaji pa kuanzia.

Mleta uzi, umekwenda?

Mtoto wa Dunda

Nimekwenda. Samahani kwa kuchelewa kurudi, nilimsubiri shangazi atoke Dar, maana ndiye mkubwa aliyebaki.

Tulikwenda jana saa kumi na moja jioni. Miembe inaweka kivuli kizito, kwa hiyo nilimpa mpwa wangu kioo akasimame njiani palipo na jua. Mara ya kwanza alinipiga nacho machoni. Mara ya pili mwanga ukaingia kwa chini, ukalala juu ya kibao kama Fundi alivyosema. Wakuu, nilikuwa nimekiangalia kile kibao mara mia. Sikuwa nimekiona.

*Sanat.* Moja. Tatu. Kisha nafasi, pana kuliko zile nyingine. Kisha sita. Na katikati ya ile nafasi kuna kishimo. Si kikubwa kuliko punje ya mtama, tindikali imekilamba kingo, lakini chini yake kumebaki giza la duara mahali kijiti kilipogusa. Nilikigusa kwa ncha ya kidole kidogo, kikaingia kidogo. Baada ya sita hakuna kitu, chokaa ni tambarare.

1306.

Nilifanya hesabu palepale kwenye simu. Mwaka huo ulianza Septemba 1888. Mwezi Agosti Wajerumani ndio kwanza wamepandisha bendera za kampuni yao pwani. Septemba hiyo hiyo watu waliishambulia Bagamoyo na askari wa meli Leipzig wakateremka kupigana nao, wakaua zaidi ya watu 100. Mei 1889 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliivamia kambi ya Abushiri, kiongozi wa waliowapinga, karibu na mji wetu. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba 1889, na hapo mwaka 1307 ulishaanza. Yaani 1306 yote, kuanzia Muharram mpaka Mfungo Tatu, ni vita juu ya vita katika mji huu.

Nyumbani tuliambiwa siku zote kwamba babu alikufa kwa homa. Nilimgeukia shangazi nikamwambia mwaka. Alikaa kimya, akavua ndala, akakaa pembeni ya kaburi, si juu yake. Baadaye akasema mama yake, yaani bibi yetu, alikuwa hapendi kuwapeleka watoto ufukweni upande ule wa mnara. Hakuwahi kusema sababu. Alikuwa akizunguka kupitia sokoni, hata akiwa na mzigo.

Sisemi kwamba alinyongwa. Sitaandika hivyo mahali popote kwa sababu kaburi analo, na limejengwa vizuri, na waliolijenga walipata muda wa kulipigia chokaa na kuandika mistari minne. Ninachoandika ni mwaka. Na jina, ambalo kwa bahati shangazi analijua mpaka baba wa tatu. Nilitoa daftari, akanisomea polepole nami nikaandika, kisha akanitaka nimsomee. Kwenye jina la pili alinisahihisha herufi moja. Nikafuta nikaandika upya.

Jumamosi tunakwenda makaburi ya upande wa mama, huko Mlingotini. Kioo nimekifunga kwenye khanga. Mpagazi Mstaafu, nitakuja na picha. Binti Tanga, kama babu yako bado yupo hai, mpigie simu leo hii umuulize waliolala nyuma ya nyumba yenu, hata kama ni mmoja tu anayemkumbuka.

Binti Tanga

Nimempigia. Anawakumbuka wawili. Nimewaandika.